Kutoka timu 6 hadi 1: Kanda ya Ziwa na hesabu za mkiani

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Ukurasa huu umezoeleka kwa bei za pamba, dagaa na mchele. Safari hii unaingia uwanjani, na msomaji asidhani amefungua gazeti lisilo lake. Kila mwaka ligi inapokaribia ukingoni, iko bidhaa moja ambayo Mwanza na miji yote ya kandokando ya Ziwa Victoria huigombea kwa jasho, nayo haiuzwi kwa kilo wala kwa debe. Bidhaa hiyo ni nafasi ya kubaki Ligi Kuu.

Kwa miaka kadhaa sasa soko hilo limetuendea vibaya. Msimu wa 2018/19 Kanda ya Ziwa ilikuwa na timu 6 katika Ligi Kuu ya Tanzania Bara: Mbao na Alliance za Mwanza, Kagera Sugar ya Kagera, Biashara United ya Mara, na Stand United pamoja na Mwadui za Shinyanga. Stand ikashuka mwaka 2019. Mwaka 2020 zikashuka Mbao na Alliance kwa mpigo. Mwaka 2021 zikafuata Mwadui na Gwambina ya Misungwi, ambayo ilikuwa ndiyo kwanza imepanda. Mwaka 2022 ikawa zamu ya Biashara United, mwaka 2024 Geita Gold, na mwaka 2025 Kagera Sugar, mkongwe wa kundi hilo aliyekuwa hajaonja kushuka kwa takriban miaka 20. Msimu wa 2025/26 ulipofunguliwa, Kanda nzima ilibaki na timu moja tu, Pamba Jiji.

Kwa haki, sehemu ya hesabu hii inatokana na ligi yenyewe kupunguzwa. Ilikuwa na timu 20 msimu ule wa 2018/19, ikashushwa hadi 18 na baadaye 16, na njia ya kupunguza ni kushusha wengi kuliko wanaopanda. Lakini mfanyabiashara anajua kupiga asilimia. Timu 6 kati ya 20 ni asilimia 30 ya soko. Timu moja kati ya 16 ni asilimia 6 na pointi kidogo. Kama ni duka, mwenye duka angekwisha kuitwa na benki.

Hasara ya timu kushuka huanzia mlangoni. Katika ligi ya timu 16 kila timu huwa mwenyeji wa Simba mara moja na wa Yanga mara moja kwa msimu. Siku hizo mbili ndizo sikukuu za biashara Kirumba. Mabasi huja kutoka Musoma, Geita, Shinyanga na Bariadi. Nyumba za kulala wageni hujaa. Mama lishe huongeza sufuria. Wauza jezi hutandika turubai zao tangu alfajiri. Na bodaboda hajui tena nauli ya kawaida ni ipi. Mwenyeji ndiye anayebaki na mapato ya mlangoni baada ya kodi, ada ya uwanja na makato mengine. Michezo mingine yote ya msimu, watazamaji wanaweza kuhesabika kwa macho.

Mbao na Alliance zilipokuwa Ligi Kuu pamoja, Mwanza ilikuwa na siku nne za namna hiyo kwa msimu. Agosti 2020 zikafutika zote kwa mara moja. Baada ya hapo jiji liliishi kwa wageni: Geita Gold ilipopanda mwaka 2021, michezo yake dhidi ya vigogo ilichezwa CCM Kirumba, maana uwanja huo hubeba watu wengi kuliko wa kwao. Wafanyabiashara wa Kirumba wakapata riziki kwa timu ya mkoa wa jirani, kama mtu anayeuza kwenye gulio la kijiji kingine.

Sasa tumtazame shabiki, maana yeye ndiye mteja. Mwanza kama ilivyo miji mingi nchini, shabiki ana timu mbili. Ya kwanza ni Simba au Yanga, aliyorithi kwa baba au mjomba. Ya pili ni timu ya nyumbani, ambayo huikumbuka kwa dhati miezi miwili ya mwisho, ikiwa mkiani. Hapo ndipo utamwona mtu ambaye hakwenda uwanjani tangu mzunguko wa kwanza akijua pointi za timu 5 za chini, tofauti ya mabao ya kila mmoja na nani anacheza na nani Jumamosi. Anakokotoa kama karani wa mizani. Timu iliyo juu yake ikifungwa Mtwara, yeye anashangilia Mwanza. Ni furaha ya ajabu kidogo, furaha ya kuona jirani amepata hasara kubwa kuliko yako, lakini sokoni nayo haikosi.

MEI 20, 2017

Siku inayofaa kusimuliwa ni Jumamosi ya Mei 20, 2017, siku ya mwisho ya msimu wa 2016/17. Ligi ilikuwa na timu 16 na tatu zilitakiwa kushuka. JKT Ruvu ilikuwa imekwisha kuaga. Nafasi mbili zilizobaki zilikuwa zinazitazama timu kadhaa, na mbili kati ya hizo zilikuwa za Mwanza: Toto African na Mbao.

Toto ndiyo iliyokuwa na jina. Wana Kishamapanda walikuwa wakijulikana mjini muda mrefu kabla Mbao haijasikika, na watani wao hawakukosa kuwakumbusha kwamba wanahesabiwa kuwa watoto wa Yanga. Mbao ilikuwa mgeni wa juzi. Ilipanda mwaka 2016 kwa njia isiyo ya kawaida. Siku ya mwisho ya Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, Februari 2016, Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa mabao 8-0, na Polisi Tabora iliifunga JKT Oljoro mabao 7-0, timu hizo mbili zikishindania nafasi moja ya kupanda kwa tofauti ya mabao. Shirikisho la Soka (TFF) likaona hayo si mabao bali ni bidhaa ya magendo. Timu zote nne zikashushwa madaraja kwa kupanga matokeo, na nafasi ikamwangukia Mbao aliyekuwa nyuma yao.

Jambo hili lina funzo lake la kibiashara, nalo ni kwamba siku za mwisho za ligi ndizo siku ambazo pointi huwa na bei kubwa kwa mmoja na haina thamani yoyote kwa mwingine. Timu isiyopanda wala kushuka inacheza na timu inayozama. Mmoja ana shida, mwingine ana ziada. Popote penye hali hiyo mlanguzi hujitokeza, iwe sukari, mafuta ya taa au mabao. Ndiyo maana michezo ya siku ya mwisho huchezwa saa moja nchi nzima, ili asiwepo anayejua bei ya mwenzake kabla ya kuuza.

Basi Jumamosi ile Toto ilikuwa ugenini Manungu, Morogoro, kwa Mtibwa Sugar. Mbao ilikuwa nyumbani Kirumba, na mgeni wake alikuwa Yanga mwenyewe, akiwa juu ya msimamo. Simba walikuwa Dar es Salaam wakicheza na Mwadui. Hesabu ya ubingwa ilikuwa hivi: Yanga akifungwa na Simba akishinda, watalingana pointi na mabao yataamua, na Yanga alikuwa na mabao mengi ya akiba.

Fikiria hali ya shabiki wa Mwanza aliyevaa jezi ya njano na kijani siku hiyo. Timu yake ya kurithi inataka ubingwa. Timu yake ya nyumbani inataka kupona. Zote mbili ziko mbele yake uwanja mmoja. Redio iko sikioni kumpa habari za Dar es Salaam na za Manungu. Hakuna somo la uchumi linaloeleza mgongano wa maslahi vizuri kuliko kiti cha mtu huyo.

Mbao ilishinda 1-0. Simba waliifunga Mwadui 2-1. Yanga na Simba wakamaliza kila mmoja na pointi 68, na kombe likabaki Jangwani kwa tofauti ya mabao. Kwa hiyo watu waliotoka Kirumba jioni ile walikuwa aina mbili, na wote walikuwa na furaha: wenye Yanga walikuwa mabingwa hata baada ya kufungwa, na wenye Mbao walikuwa wamebaki Ligi Kuu. Ni nadra sana kuona biashara ambayo muuzaji na mnunuzi wote wanaondoka na faida. Aliyelipa gharama hakuwepo uwanjani. Toto ilifungwa Manungu, ikashuka pamoja na African Lyon na JKT Ruvu.

Mwezi ulikuwa unakaribia kwisha, giza la kutosha ziwani, na kila mtu wa mwalo anajua maana yake. Dagaa huvuliwa kwa taa. Wakati wa mbalamwezi taa hazimvuti, mitumbwi hupumzika na vijana wa kambi wana nafasi ya kuangalia mpira. Wakati wa giza kazi huanza jua linapozama. Kwa hiyo wengi wa soko la Mwaloni, ambalo liko jirani kabisa na uwanja, walikuwa na saa chache tu za kushangilia. Bodi ya Ligi haipangi ratiba kwa kufuata mwezi, na haitegemewi kufanya hivyo, lakini mchuuzi wa Kirumba anayetaka kujua kama siku ya mechi itakuwa ya mauzo mazuri hufanya vema kutazama kalenda mbili.

Wiki moja baadaye, Mei 27, Mbao ilikuwa Dodoma ikicheza fainali ya Kombe la Shirikisho. Ilikuwa imemtoa Yanga katika nusu fainali, pia Kirumba na pia kwa 1-0. Simba waliifunga 2-1 katika muda wa nyongeza. Timu ile ile iliyokuwa ikihesabu pointi za kubaki, chini ya kocha Mrundi Etienne Ndayiragije, ilikuwa imekosa kidogo tu tiketi ya mashindano ya Afrika. Anayedhani timu za mkiani ni timu dhaifu aitazame siku hiyo. Mara nyingi hazikosi wachezaji. Zinakosa mtaji wa kuzunguka.

USHINDI WA 4-2 ULIOSHUSHA TIMU

Mtaji wa kuzunguka ni jambo ambalo kila mwenye genge analielewa. Mwaka 2018 Ligi Kuu iliongezwa hadi timu 20, maana yake safari 19 za ugenini badala ya 15. Msimu huohuo wa 2018/19 ligi ilichezwa bila mdhamini mkuu. Kwa timu ya Dar es Salaam hilo lilikuwa tatizo. Kwa timu ya Mwanza lilikuwa msiba. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara, na Mtwara ni mbali zaidi ya huko. Wachezaji zaidi ya 20 na viongozi wanapanda basi, wanalala njiani, wanakula njiani, wanacheza na miguu iliyovimba, kisha wanarudi. Timu inayokosa nauli haitangazi kwamba imefilisika. Inafungwa tu.

Msimu uliofuata mdhamini alirudi, lakini Machi 2020 ligi ilisimamishwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona na ikarudi Juni. Miezi mitatu bila kiingilio hata kimoja. Ligi ilipokwisha mwishoni mwa Julai, Alliance ilikuwa miongoni mwa timu nne zilizoshuka moja kwa moja, pamoja na Ndanda, Lipuli na Singida United. Mbao iliangukia kwenye mchujo na ilibidi icheze na Ihefu ya Mbarali, mkoani Mbeya, iliyokuwa inatoka daraja la chini.

Mchezo wa kwanza Ihefu ilishinda 2-0 kwao. Marudiano yalichezwa Kirumba. Mbao ilihitaji mabao mawili bila kufungwa ili kusawazisha, au matatu ili kumaliza kazi. Ilifunga manne. Hata hivyo iliruhusu mawili, na hapo jumla ikawa 4-4, na sheria ya bao la ugenini ikaamua. Mashabiki wa Mbao waliona timu yao ikishinda 4-2 nyumbani na kushuka daraja jioni hiyohiyo. (Ulaya waliifuta sheria hiyo mwaka uliofuata, mwaka 2021. Haikuwasaidia watu wa Kirumba.)

Mwandishi wa ukurasa huu anaiona siku ile kuwa ya uchungu kuliko ile ya Toto. Toto ilifungwa ikashuka, na hesabu hiyo hata mtoto anaielewa. Mbao iliuza kwa faida siku ya mwisho lakini deni la nyuma likala kila kitu. Wako wafanyabiashara wengi wa mwalo huu ambao wamefunga msimu wa namna hiyo: gunia la mwisho limeuzwa kwa bei nzuri, na bado mwenye mkopo amechukua mtumbwi.

Na tazama Ihefu ilivyokwenda. Ilishuka 2021, ikapanda tena, na mwaka 2024 ikahamishiwa Singida na kuitwa Singida Black Stars. Nafasi ambayo Mbao iliipoteza kwa bao la ugenini imekuwa kama kibanda sokoni: mwenye fedha anaweza kukihamisha na kukipaka rangi nyingine. Kirumba nayo imeonja biashara hiyo, kwani Singida Fountain Gate ilihamishia michezo yake ya nyumbani hapa msimu wa 2023/24. Watu walikwenda kuangalia. Lakini ukitaka kujua tofauti ya shabiki na mtazamaji, muulize mtu kama alikosa usingizi timu hiyo ilipofungwa.

MNUNUZI MMOJA

Kwa nini timu za Kanda hii haziendelei kuishi? Wapo wanaosema waamuzi, wapo wanaosema ushirikina, wapo wanaosema viongozi wanakula. Ukurasa huu unatazama mahali pengine. Karibu kila moja ya timu zilizoshuka ilikuwa na mnunuzi mmoja. Alliance ilikuwa ya shule na kituo cha kukuza vipaji kule Mahina. Gwambina ilisimama juu ya mfuko wa mtu mmoja, aliyeijengea uwanja wake Misungwi, jambo la kupongezwa. Uwanja ulikaa Ligi Kuu msimu mmoja tu. Mwadui ilitegemea mgodi wa almasi, Geita Gold mgodi wa dhahabu, Kagera Sugar kiwanda cha sukari. Kila mmoja wa wafadhili hao ana biashara yake ambayo si mpira, na siku mambo yake yanapobana, timu ndiyo matumizi ya kwanza kutazamwa.

Mkulima wa pamba anayajua haya kuliko mtu yeyote. Timu ya zamani ya Pamba, TP Lindanda au Wana Kawekamo kama ulivyozoea kuwaita, ilipata nguvu zake enzi ambazo zao lilikuwa na njia moja ya kwenda sokoni. Ilikuwa na watu kama Khalfan Ngassa, George Masatu na Hussein Masha. Mwaka 1990 iliicharaza Anse Boileau ya Shelisheli jumla ya mabao 17-1 katika Kombe la Washindi la Afrika. Mwaka 1994 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na vyama vya ushirika vikaanza kukohoa. Pamba nayo haikumaliza miaka kumi zaidi katika daraja la juu. Ilikuja kugonga mlango wa kurudi mwaka 2019 ikazuiwa na Kagera Sugar kwenye mchujo, na mwaka 2021 ikazuiwa na Coastal Union ya Tanga. Mlango ulifunguka mwaka 2024, zaidi ya miaka 20 tangu ushuke nyuma yake. Safari hii mwenye timu ni Halmashauri ya Jiji, na ndiyo asili ya jina Pamba Jiji. Mnunuzi amebadilika. Bado ni mmoja.

Biashara United ni kisa cha aina yake. Msimu wa 2020/21 ilimaliza ya nne, ikaingia Kombe la Shirikisho la Afrika. Oktoba 2021 iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 nyumbani. Ilikuwa na mguu mmoja raundi ya mbele, lakini haikufika Libya kwa marudiano kwa sababu ya matatizo ya safari na vibali, ikaondolewa. Miezi michache baadaye ilishuka daraja. Kutoka nafasi ya nne hadi kushuka ni mwaka mmoja. Mwenye hisa yeyote angeuliza maswali, lakini timu zetu hazina wenye hisa. Hata Simba, ambako mwekezaji alikubaliwa kwa asilimia 49, wanachama wamebaki na 51, na karatasi zake haziuzwi kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kwa hiyo msomaji mwenye akiba ndogo anayeuliza kama anaweza kununua kipande cha timu ya nyumbani, jibu kwa sasa ni kwamba atanunua tiketi.

Fedha za kubaki juu zimeongezeka sana tangu siku za Mbao. Mei 2021 Azam Media ilitia saini na TFF mkataba wa haki za televisheni wa miaka 10 wenye thamani ya Sh. bilioni 225.6, na benki ya NBC ikawa mdhamini mkuu mwaka huohuo. Hii ina pande mbili. Timu iliyo ndani ina hakika ya nauli, jambo ambalo timu za 2018/19 ziliota tu. Lakini timu inayoshuka sasa huanguka kutoka juu zaidi. Uingereza timu iliyoshuka hupewa fungu la kuipunguzia maumivu, hadi miaka mitatu, nao hulitania kwa jina la mwavuli wa kurukia kutoka ndegeni. Huku kwetu anayeshuka hufika chini na uzito wake wote.

Aidha, televisheni imemgawa mteja. Shabiki aliyekuwa analipa kiingilio Kirumba sasa anaweza kulipa kidogo kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira Igoma au Buhongwa, akapata kivuli na soda. Mwenye kibanda anapata, timu inapata kupitia mkataba, lakini mama lishe wa getini hapati. Katika mchezo wa mkiani, Jumatano jioni, dhidi ya timu isiyo na jina, tofauti hiyo inaonekana kwa macho: vibanda vimejaa, majukwaa yana mapengo.

Hata hivyo wapo wanaokwenda. Hawa ni wale wenye ngoma na vuvuzela za miaka iliyopita, wanaokaa sehemu ileile mzunguko hadi mzunguko, waliohama kutoka Toto kwenda Mbao, na kutoka Mbao kwenda Pamba, bila kuona aibu yoyote. Ukiwatazama utaona kwamba timu wanayoishangilia kwa kweli ni Mwanza, na jina la jezi ni lebo tu. Kwa wafanyabiashara wa jezi hii ni habari muhimu. Jezi ya timu iliyo hatarini ni mzigo wa kuoza: ikishuka, hauuzi tena. Wazoefu huagiza chache, na mwezi wa mwisho huongeza skafu na fulana zenye jina la jiji lenyewe, ambazo hazishuki daraja.

Pamba Jiji ilianza msimu wake wa kurudi, 2024/25, kwa kusuasua bila ushindi kwa muda mrefu. Oktoba 2024 kocha Goran Kopunović aliondoka na nafasi yake ikachukuliwa na Fred Felix Minziro, mtu anayejua vita hivi. Kwa sheria za sasa timu mbili za mwisho hushuka moja kwa moja, na ya 13 na ya 14 hukutana kwenye mchujo. Kwa hiyo hesabu ya shabiki haikuwa tena kumshinda wa mwisho bali kuvuka mstari wa 12. Pamba iliuvuka. KenGold, iliyopanda nayo pamoja, ikashuka na Kagera Sugar. Tanzania Prisons na Fountain Gate zikaenda kwenye mchujo.

Kushuka kwa Kagera kuna gharama ambayo Mwanza haijaihesabu bado. Pamba na Kagera ndio uliokuwa mchezo pekee wa Ligi Kuu uliobaki kati ya majirani wa ziwa, mchezo ambao shabiki wa Bukoba anaweza kuamka nao na kulala kwao bila kwenda Dar es Salaam. Na Juni 2025, mwezi uleule msimu ulipofungwa, likafunguliwa Daraja la J. P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi, zaidi ya kilomita 3 juu ya maji, foleni ya kivuko ikawa historia. Watani wa Mwanza hawakukawia: wao wamepanda daraja, Kagera wameshuka. Malori ya ndizi, kahawa na dagaa yanavuka sasa kwa dakika chache, usiku na mchana. Basi la mashabiki wa Kagera lenye safari ya Ligi Kuu Kirumba halijapata bado nafasi ya kulivuka.